Waliokaa na Vyombo: Familia za Askari wa Boma la Mahenge

Sisi tunaosafiri kutoka Ifakara kwenda Mahenge, zamani kwa pantoni na tangu 2018 kwa daraja la mto Kilombero, ni mara chache tunawakumbuka waliopita bonde hili kwa miguu, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Historia ya vita vya kwetu tumeizoea kama habari za wanaume. Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walilishambulia boma la Mahenge. Oktoba 1917 Wabelgiji wakaliteka kutoka kwa Wajerumani. Lakini nyuma ya askari palikuwa na nyumba zao.

Jeshi la Kijerumani liliandika askari kutoka mbali: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani. Wengi waliishi na wake na watoto katika vijiji vilivyojengwa kando ya boma. Askari alipohamishwa, nyumba nzima ilihama. Mke alitwanga, alipika, aliteka maji na kutafuta kuni. Bila yeye, jeshi lile lisingekula. Kila amri ya kuondoka ilimkuta na shamba ambalo halijavunwa na majirani aliokwisha kuwazoea.

Vita Kuu ilipofika, kuhama hakukuwa na mwisho. Mwaka 1917 kapteni Theodor Tafel aliondoka Mahenge na kikosi chake kuelekea kusini, akitafuta kuungana na jemadari wake, von Lettow-Vorbeck. Walitembea zaidi ya kilomita 300. Chakula kikawaishia, na tarehe 28 Novemba wakajisalimisha karibu na mto Ruvuma bila kumwona jemadari. Lettow mwenyewe aliendelea kwa mwaka mmoja zaidi, akipitia Msumbiji, na katika msafara wake wanawake waliendelea kutembea, wengine wakijifungua njiani na kesho yake kushika safari.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao. Lilikuwa jambo la haki, ingawa lilichelewa. Lakini yule aliyebeba sufuria kutoka Mahenge hadi Ruvuma hakuwa na mshahara ulioandikwa popote, kwa hiyo hakuwa na cha kudai.

Neno la Mungu linaliona jambo hili. Katika 1 Samweli 30, Daudi na watu wake wanarudi Siklagi na kukuta wake na watoto wao wamechukuliwa. Baada ya kuwaokoa, baadhi ya wapiganaji wanataka waliochoka wakabaki kijitoni wasipewe mgawo wa nyara. Daudi anakataa: aliyekaa na vyombo atapata sawa na aliyeshuka vitani, na jambo hilo likawa sheria katika Israeli. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 24:5, inamwacha aliyeoa karibuni akae nyumbani mwaka mzima bila kwenda vitani. Maana yake ni kwamba hata taifa lenye adui lina mpaka katika kuidai nyumba ya askari.

Leo katika sharika zetu tunawapokea wake na watoto wa wanajeshi na polisi, nao tunawaaga mapema kuliko tulivyotarajia. Mtoto yuko katikati ya mafundisho ya kipaimara, barua ya uhamisho inafika, na huko aendako anaambiwa aanze upya. Mama aliyeanza kuaminiwa na kikundi cha akina mama anakuwa tena mgeni. Sisi wachungaji tunaijua hali hii, maana nasi tunahamishwa, na watoto wetu hutuuliza maswali yaleyale.

Hatusemi askari asihamishwe. Ulinzi wa nchi una mahitaji yake. Tunasema uhamisho usio wa lazima upunguzwe, na ule wa lazima usubiri mwisho wa mwaka wa shule inapowezekana. Tuyaseme haya kwa heshima kwa wenye mamlaka, na tuyatende kwanza ndani ya kanisa tunapowapanga watumishi. Na mtoto wa kipaimara akifika kwetu na barua ya usharika wake, tumpokee pale alipoishia. Amekwisha kutembea vya kutosha.