Kingamwili zinazofichua upungufu wa distrofini katika misuli

Kingamwili zinazotengenezwa maabara ili kuitambua distrofini, mojawapo ya protini za misuli inayoendesha mifupa, zimewasaidia madaktari kwa zaidi ya miongo mitatu kutofautisha ugonjwa wa Duchenne na ule wa Becker, ambao kwa kawaida si mkali kama wa kwanza.

Distrofini hukaa chini ya utando wa kila uzi wa msuli na kuuunganisha utando huo na kiunzi cha ndani cha seli. Inapokosekana, utando hudhurika kila msuli unapojikunja, nyuzi hufa na nafasi yake huchukuliwa na mafuta na makovu.

Jeni ya distrofini imo katika kromosomu ya X, na hivyo waathirika wengi ni wavulana. Duchenne humpata takriban mvulana mmoja kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, na bila matibabu wengi hushindwa kutembea kabla ya kutimiza umri wa miaka 13. Wagonjwa wengi wa Becker huendelea kutembea hadi utu uzima. Kwa wazazi, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1987 mjini Boston, Marekani, na Eric Hoffman na wenzake katika maabara ya Louis Kunkel. Walitumia kingamwili kuitafuta katika misuli na kubaini kuwa haikuonekana kwa wagonjwa wa Duchenne.

Kingamwili nyingi zilizofuata zilitengenezwa kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge, Uingereza. Seli za panya zinazozalisha kingamwili huunganishwa na seli za saratani, na seli mpya huendelea kuzaliana zikitoa kingamwili ya aina moja tu. Wawili hao, pamoja na Niels Jerne, walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1984.

Katika upimaji, kipande kidogo cha msuli, mara nyingi cha paja, hugandishwa kwa baridi kali na kukatwa vipande vyembamba sana. Kingamwili ya kwanza hunata kwenye distrofini. Ya pili, iliyobeba rangi inayong'aa, hunata kwenye ile ya kwanza. Chini ya hadubini, msuli wenye afya huonyesha pete angavu kuzunguka kila uzi. Kwa mgonjwa wa Duchenne pete hizo hazipo, isipokuwa labda katika nyuzi chache. Kwa mgonjwa wa Becker huwa hafifu au zimekatikakatika.

Hata hivyo, kila kingamwili hutambua sehemu moja tu ya protini hiyo ndefu. Mgonjwa wa Becker anaweza kuwa na distrofini fupi inayofanya kazi kwa kiasi, lakini ikiwa sehemu iliyokosekana ndiyo inayotambuliwa na kingamwili iliyotumika, protini nzima itaonekana kana kwamba haipo. Kwa sababu hiyo maabara hutumia kingamwili tatu: DYS1 kwa sehemu ya katikati, DYS2 kwa ncha ya mwisho na DYS3 kwa ncha ya mwanzo.

Protini nyingine ya utando, spektrini, hupimwa sambamba. Isipoonekana nayo, huenda utando umeharibika au sampuli haikuhifadhiwa vizuri, na jibu haliwezi kuaminika.

Siku hizi kipimo cha jeni kwa kutumia damu hutangulia, na wagonjwa wengi hawahitaji kukatwa msuli. Kingamwili hubaki kuwa muhimu pale kipimo hicho kisipotoa jibu la wazi, na pia katika kupima dawa mpya.

Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha eteplirsen kwa utaratibu wa haraka, kwa kutegemea ongezeko la distrofini. Wagonjwa waliotumia dawa hiyo kwa wiki 180 walikuwa na wastani wa takriban asilimia 0.9 ya kiwango cha mtu mwenye afya. Uamuzi huo ulizua mjadala mkali, kwani kiasi kidogo namna hiyo hakikuthibitisha kwamba mtoto angetembea kwa muda mrefu zaidi.