Tanzania: Mteja akitaka kumhakiki kamishna wa viapo, aombe nini?

Anayevuka mpaka wa Mutukula, Rusumo au Kobero kwa ajili ya biashara, masomo au mirathi huenda akahitaji hati ya kiapo nchini Tanzania, au nakala ya cheti iliyothibitishwa. Tanzania Bara, kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo na mthibitishaji wa hati, chini ya Sheria Sura ya 12.

Katika ofisi hiyo, anayetakiwa kujitambulisha ni mteja. Mwishoni mwa hati, kamishna hueleza iwapo anamfahamu mwapaji yeye mwenyewe, au ametambulishwa kwake na mtu anayemfahamu. Kisha huandika jina lake, mahali na tarehe ya kiapo.

Lakini mteja naye ana haki ya kuuliza: nitajuaje kuwa huyu ni wakili kweli? Wapo wanaojifanya mawakili, ambao Watanzania huwaita vishoka. Hati iliyoapwa mbele ya kishoka yaweza kukataliwa, na hasara ikamwangukia mteja aliyekwisha kulipa.

Tatizo huanza pale mteja anapodai kupiga picha kitambulisho cha Taifa cha wakili. Kitambulisho hicho huonyesha mtu ni nani, wala hakionyeshi kuwa ana mamlaka ya kuapisha. Isitoshe, namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ndiyo namba inayotumika katika kusajili laini ya simu, kuomba namba ya mlipakodi na kufungua akaunti ya benki. Picha yake ikishasambaa, hairudishiki.

Mamlaka ya wakili hutokana na kuandikishwa kwake katika daftari la mawakili la Mahakama Kuu na kuwa na leseni hai. Kwa hiyo mteja aombe jina kamili la wakili, namba yake ya uwakili na leseni ya mwaka husika, kisha alinganishe jina hilo na lile lililo kwenye muhuri. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni wa taarifa za mawakili, TAMS, ambamo mwananchi anaweza kulitafuta jina hilo bila kugusa kitambulisho cha mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na kwa kiasi kinachohitajika tu. Kinga hiyo ni ya wakili na ya mteja pia. Mteja anayeacha nakala ya pasipoti yake ofisini aulize ni ya kazi gani, na aandike juu yake lengo hilo pamoja na tarehe.