Ukaguzi wa gari la kujiundia

Ukaguzi wa gari la kujiundia ni uchunguzi wa kiufundi na wa nyaraka unaofanywa ili kuthibitisha kwamba gari lililoundwa na mtu binafsi linafaa kutumika barabarani. Gari la namna hiyo huweza kuundwa kwa seti ya vipuri vinavyouzwa pamoja na kiwanda, kwa vipuri vya magari mengine, au kwa chesisi iliyochomelewa na fundi mwenyewe.

Gari la kiwandani hukaguliwa kwa mfano wake: mfano mmoja ukikubaliwa, maelfu yanayofanana nao hukubaliwa pia. Gari la kujiundia ni moja tu, hivyo lazima likaguliwe lenyewe.

Historia

Nchini Uingereza uundaji wa magari nyumbani ulienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Gari lililojulikana zaidi ni Lotus Seven la mwaka 1957, lililobuniwa na Colin Chapman. Mnunuzi aliyelichukua likiwa vipande na kuliunganisha mwenyewe hakutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa kwa gari zima. Mwaka 1998 nchi hiyo ilianzisha ukaguzi wa gari mojamoja, na mwaka 2009 utaratibu huo ulibadilishwa kwa mwingine ulio mpana zaidi.

Afrika Mashariki ina historia yake ya uundaji wa magari. Nchini Tanzania, kituo cha Nyumbu kilichopo Kibaha, mkoa wa Pwani, kiliunda malori. Nchini Kenya, Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kiunde gari. Magari ya Nyayo yalionyeshwa mwaka 1990, lakini hayakufikia uzalishaji wa kibiashara. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011. Mwezi Machi 2022 mchora katuni na mtangazaji Masoud Kipanya alizindua gari la umeme jijini Dar es Salaam.

Mambo yanayokaguliwa

Ingawa taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, mambo ya msingi hufanana:

* Breki: zinapaswa kusimamisha gari bila kulivuta upande mmoja, breki ya mkono inapaswa kulishikilia mlimani.
* Usukani na ekseli: viungo havitakiwi kulegea, na matairi hayatakiwi kugusa bodi gari linapokata kona.
* Chesisi: maungio ya kuchomelea yanapaswa kuwa imara, hasa mahali pa kufungia viti na mikanda.
* Taa, vioo, honi na vifuta kioo: huangaliwa kama vinafanya kazi na kama vimewekwa mahali panapotakiwa.
* Ncha kali: bodi haitakiwi kuwa na kingo zinazoweza kumkata mtembea kwa miguu.
* Spidomita: haitakiwi kuonyesha mwendo mdogo kuliko mwendo halisi.
* Moshi na kelele: hupimwa kwenye bomba la ekzosi.

Nyaraka

Gari linaweza kuwa imara likakwama kwa sababu ya karatasi. Gari la kiwandani hutambuliwa kwa namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, ambazo hazina I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Chesisi ya nyumbani haina namba hiyo mpaka ipewe. Aidha, injini iliyotoka katika gari jingine huwa na namba yake. Mwenye gari asipokuwa na hati ya ununuzi, anaweza kudhaniwa kuwa na mali ya wizi. Kwa hiyo inafaa kutunza stakabadhi za kila kipuri na picha za kila hatua ya kazi tangu siku ya kwanza.

Nchini Tanzania usajili wa magari hufanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kutumia barabarani gari lisilosajiliwa au lililo bovu. Kwa sababu hiyo gari ambalo halijakubaliwa hujaribiwa katika eneo la faragha.

Umuhimu katika maeneo ya milima

Mteremko hufichua kasoro ambazo tambarare haizionyeshi. Mji wa Moshi, wenye kata kama Soweto na Njoro, uko kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini lango la Marangu la Hifadhi ya Kilimanjaro liko juu ya mita 1,800. Gari lenye kilo 1,000 likishuka mita 1,000 hupoteza nishati ya karibu megajuli 10, inayotosha kuchemsha lita 29 hivi za maji yenye nyuzi 20. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na injini. Inayobaki huwa joto katika breki.

Breki zikipata joto kupita kiasi hupungua nguvu. Mafuta ya breki ya zamani, yaliyonyonya unyevu wa hewa, huweza kuchemka na kutoa mapovu, na pedali ikazama bila gari kusimama. Ndiyo maana breki zilizochukuliwa katika gari dogo hazifai kufungwa kwenye gari zito zaidi, hata kama zinafanya kazi vizuri kwenye uwanja wa nyumbani. Dereva naye hushauriwa kuteremka kwa gia ndogo.