Kutoka Chigonela hadi Doti: Historia Fupi ya Ubunifu wa Wakunga na Majina Yake

1. Utangulizi

Kazi ya kukuza istilahi aghalabu huanzia mezani. Wataalamu huleta orodha ya maneno ya kigeni, wajumbe hukaa, neno hupendekezwa, hupingwa, husahihishwa, na mwishowe husanifiwa. Njia hiyo imelifaa taifa tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, nasi hatukusudii kuibeza. Hata hivyo, ziko nyanja ambamo neno halingoji kikao, na mojawapo ni uzazi. Mkunga aliye peke yake usiku na mama anayetokwa damu hana nafasi ya kufungua kamusi. Huliita jambo kwa jina ambalo yeye, mama na ndugu waliomsindikiza watalielewa papo hapo. Jina lisipoeleweka, saa hupotea, na katika kazi hiyo saa ni uhai.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mbinu kadhaa ambazo waganga na wauguzi walizibuni ili kumwokoa mama na mtoto, na kuchunguza namna zilivyopata majina. Tutaanzia Ndanda, Masasi na Newala, kisha tutatoka nje ya eneo hilo pale mfano utakapotudai. Mwishoni tutatoa mapendekezo yetu.

2. Ndanda na jirani zake

Masasi ina nafasi ya pekee katika historia ya Kiswahili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar hadi bara, wakaanzisha makazi Masasi. Steere huyo ndiye aliyekwisha kuchapisha kitabu maarufu cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870. Kwa upande wa Wakatoliki, Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walianza Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Ndanda iko chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, mahali penye chemchemi. Juu ya uwanda huo, upande wa Newala, maji yalikuwa adimu kiasi kwamba kwa miaka mingi wanawake waliteremka mabondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani. Mama aliyeshikwa na uchungu huko juu alikuwa na mteremko mrefu mbele yake kabla ya kufika kwa mganga.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifika Ndanda Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa pia daktari, jambo lililokuwa nadra siku hizo. Unadra huo ulikuwa na sababu. Kanisa Katoliki lilikuwa limewawekea watawa mipaka mikali kuhusu kazi ya tiba, hasa ukunga. Agizo la Roma la mwaka 1936 ndilo lililofungua mlango, likawahimiza masista wa nchi za misheni kujifunza kazi hiyo na kupata vyeti vyake. Kabla ya hapo, ujuzi wa kuzalisha katika vijiji hivi ulikuwa mikononi mwa wanawake wazee, na mafunzo yake yalipitia unyagoni.

Upande wa Waanglikana, Daktari Leader Stirling alifika mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi katika hospitali ya kuta za udongo na paa la nyasi. Mtu huyo aliyepasua wagonjwa chini ya nyasi alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980. Tunamtaja ili msomaji akumbuke kwamba katika nchi hii ubunifu wa tiba haukuanzia kwenye majumba makubwa. Ulianza pale palipokosekana vitu.

3. Chigonela

Mbinu ya kwanza tutakayoijadili si kifaa wala si upasuaji. Ni nyumba. Ikiwa safari ndiyo inayoua, basi mama na asafiri kabla ya uchungu. Hospitali humjengea nyumba karibu na wodi, naye huja wiki chache kabla ya siku zake, hupika, hulala na kungoja. Anaposhikwa na uchungu, umbali uliobaki ni wa hatua chache.

Katika maandishi ya kiofisi nyumba hii imeitwa kwa maelezo marefu, kama vile nyumba ya kusubiria wajawazito. Lakini kusini mwa nchi wananchi huiita chigonela. Kitenzi kugona, yaani kulala, kimo katika Kiyao na katika lugha jirani. Kiambishi chi- ni ndugu wa ki- yetu. Mnyambuliko wa kutendea unaonyesha kwamba watu hulala hapo kwa ajili ya jambo fulani. Neno moja limebeba mahali, tendo na kusudi. Maelezo ya kiofisi yanahitaji maneno manne ili kusema hayohayo, na bado yanaiacha nje habari ya kulala, ambayo kwa mama aliyeacha watoto nyumbani ndiyo habari kubwa.

Wako wanaosema kwamba chigonela ni neno la lugha ya eneo, na kwamba Kiswahili sanifu kina neno kulala tayari. Hoja hiyo haitutoshi. Kiswahili kimekopa kutoka Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza; haielekei kione haya kukopa kutoka Masasi. Tatizo tunaloliona sisi ni la tahajia tu. Neno huandikwa kwa l, kwa r, na pengine kwa l mbili. Kwa kuwa Kiyao hutumia l katika mnyambuliko huu, tunaona chigonela ndiyo sura inayofaa kusanifiwa.

4. Kunga, koleo na ombwe

Neno mkunga laonekana kuwa ndugu wa kunga, yaani maarifa ya faragha yanayotolewa kwa aliyestahili. Ufaragha huo una faida, kwa maana humlinda mama. Lakini historia ya tiba yatuonya kwamba kunga ikigeuka siri ya kibiashara, watu hufa. Katika karne ya 17, huko Uingereza, ukoo wa Chamberlen ulibuni koleo la kumshika mtoto kichwa na kumtoa pale uchungu unapokwama. Waliificha mbinu hiyo kwa zaidi ya vizazi viwili. Wakati wote huo wanawake waliendelea kufa kwa kukosa chombo ambacho tayari kilikuwapo duniani.

Jina koleo limepokewa kwa urahisi katika Kiswahili kwa sababu tulikuwa nalo tangu zamani kiwandani kwa mhunzi. Aliyeona koleo likishika chuma cha moto haelezwi mara mbili. Katika miaka ya 1950, Tage Malmström wa Sweden alitengeneza kikombe cha chuma kinachoganda kichwani mwa mtoto kwa nguvu ya ombwe. Miaka kadhaa baada ya mwaka 2000, Jorge Odón, fundi wa magari wa Argentina, alitazama namna ya kutoa kizibo kilichozama ndani ya chupa kwa kutumia mfuko wa plastiki unaopulizwa, akawaza kwamba hata mtoto angeweza kuvutwa hivyo. Neno ombwe tunalo. Tatizo ni kwamba halijulikani sana nje ya vitabu vya shule. Tunaona kikombe cha kuvutia kingeeleweka zaidi wodini.

Isidhaniwe kwamba ubunifu huu wote ulitoka ng'ambo. Mwaka 1879, katika Bunyoro, Uganda ya leo, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga wa huko akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Pombe ya ndizi ilitumika kumlevya mama na pia kuosha mikono na mahali pa kupasuliwa. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa vipini vyembamba vya chuma. Baada ya siku 11 jeraha lilikuwa limepona. Felkin alichapisha habari hizo mwaka 1884. Maelezo yake yanaonyesha mkono uliozoea kazi, nayo kazi iliyozoeleka haikosi majina yake. Msomaji wa Kizungu alipata mchoro na maelezo. Istilahi za waganga wenyewe hazikuja pamoja nayo. Hiyo ni hasara ambayo watu wa fani yetu wanapaswa kuitazama kwa makini.

5. Mstari wa tahadhari

Mwaka 1972, huko Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, madaktari Philpott na Castle walichapisha chati ya kufuatilia uchungu. Mkunga huweka alama kila njia ya uzazi inapofunguka, na alama hizo huungana kuwa mstari. Chati ina mistari miwili iliyochorwa tayari: wa kwanza wa tahadhari, wa pili wa kuchukua hatua, na kati yao zipo saa 4. Saa hizo hazikuwekwa kwa kubahatisha. Zilikusudiwa kumpa mkunga wa kituo cha mbali muda wa kumsafirisha mama hadi hospitali kubwa. Kwa maneno mengine, safari iliingizwa ndani ya chati, kama ilivyoingizwa ndani ya chigonela.

Chati hiyo huitwa patografu. Neno hili limetoholewa vizuri, lakini halimwambii kitu asiyesomea. Mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, kinyume chake, ni Kiswahili kitupu, na hata mume anayengoja nje anaweza kuambiwa kwamba mstari wa tahadhari umevukwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kutunza uchungu, ambao umeiacha mistari hiyo ya zamani. Hata hivyo, wazo la tahadhari inayotangulia hatua linastahili kubaki katika msamiati wetu.

6. Doti

Mfano unaotufurahisha kuliko yote unatoka Kigoma. Mkoa huo ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba mabadiliko yawezekana: katika hospitali ya mkoa, chini ya juhudi za Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya mwaka 1984 na 1991. Lakini wanawake waliozalia nyumbani walibaki na hatari kubwa ya kutokwa damu. Mkunga wa jadi atajuaje kwamba damu imezidi, naye hana chombo cha kupimia?

Jibu lilikuwa limefungwa kiunoni. Kanga hutengenezwa kwa kipimo kinachokaribiana, na wanawake tayari waliitumia kuzuia damu. Watafiti wakapima ni damu kiasi gani kanga hubeba. Wakunga wa jadi wakafundishwa kwamba kanga mbili zikilowa, damu imefika nusu lita, na hatua ichukuliwe mara moja. Habari hizi zilichapishwa mwaka 2005.

Hapa lugha yatupa zawadi. Kanga huuzwa mbili mbili, na jozi hiyo huitwa doti. Basi kipimo cha hatari ni doti moja, neno ambalo kila mwanamke wa Pwani na bara analijua kutoka dukani. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambamo mama aliwekewa shuka ya plastiki yenye mfuko wa alama za vipimo, na damu ilipozidi alipewa tiba zote kwa pamoja. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Shuka hiyo ni mpya, lakini wazo la kuipima damu kwa nguo iliyo chini ya mama Kigoma walikuwa nalo.

7. Wayo, njiti na mnyama wa mbali

Turudi kusini. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2013, katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Newala ikiwamo, wanawake wa kujitolea waliwatembelea wazazi nyumbani chini ya mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Hawakuwa na mizani. Walikuwa na kadi yenye picha ya nyayo, wakaulinganisha wayo wa mtoto nayo. Utafiti uliotangulia ulikuwa umeonyesha kwamba wayo usiofika sentimita 8 ni dalili ya mtoto mdogo, na usiofika sentimita 7 ni wa mtoto mdogo sana. Twapaswa kusema pia kwamba mpango huo haukuonekana kupunguza vifo vya watoto wachanga. Mtoto aliyetambuliwa kwa wayo bado alihitaji kukuta huduma nzuri mlangoni pa hospitali. Neno zuri na kipimo kizuri hufungua njia tu.

Mtoto huyo mdogo wananchi humwita njiti. Wengine huliona jina hilo kuwa la dharau. Sisi twaliona kuwa la huruma: njiti ya kiberiti ni nyembamba, lakini ina moto. Matunzo yake ya kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, yalianzishwa na Daktari Edgar Rey huko Bogotá mwaka 1978, nayo yakapewa jina la kangaruu, mnyama ambaye mama wa Newala hajapata kumwona. Kubeba mtoto si jambo geni kwake. Jipya ni kumhamisha kutoka mgongoni kuja kifuani. Kwa nini basi tusiseme mbeleko ya kifuani?

8. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

chigonela: nyumba iliyo karibu na hospitali ambamo mjamzito hulala akingoja kujifungua.

doti ya hatari: kiasi cha damu kinacholowesha kanga mbili baada ya kujifungua.

kikombe cha kuvutia: chombo cha kumtoa mtoto kwa nguvu ya ombwe.

mstari wa tahadhari: alama katika chati ya uchungu inayoonyesha kwamba uchungu unachelewa.

kipimo cha wayo: njia ya kumtambua mtoto mdogo kwa urefu wa wayo.

mtoto njiti: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.

mbeleko ya kifuani: matunzo ya njiti kwa kumbeba ngozi kwa ngozi.

Maneno haya, au vitu vinavyotajwa nayo, yamekwisha kupita mikononi mwa wakunga na akina mama. Kazi iliyobaki kwetu ni kuyachuja, kuyaandika kwa tahajia moja, na kuyarudisha kwa wenyewe. Tunawaomba waganga, wauguzi na wakunga wa jadi watuletee mengine wanayoyatumia, hata yale wanayodhani hayastahili kuandikwa, ili yasije yakapotea kama yale ya Bunyoro.