Kipimo cha Neno la Kiajemi

Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyekatwa mkono wa kuume na kufariki mwaka 940, ndiye asifikaye kwa kuzipima herufi kwa nukta ya kalamu ya mwanzi. Waajemi wakairithi mizani hiyo. Karne ya 14 wakazaa nastaliki, hati ambayo neno huteremka mshazari kuelekea kushoto. Leo mwandishi wa programu ajumlishaye upana wa herufi mojamoja hupotoka, kwani herufi ikishikana na jirani hubadili umbo, na mkia wake hushuka chini ya mstari. Sharti neno liungwe kwanza, kisha lipimwe zima. La sivyo mkia hukatwa. Nasi, ambao tenzi zetu za kale zimo katika herufi hizo, tusidhani hasara hiyo ni ya Waajemi peke yao.