Beda Amuli na Paa la Kariakoo

Katika majengo ya Dar es Salaam ambayo wenyeji huyaingia na kuyatoka kila siku pasipo kuuliza ni mkono wa nani ulioyachora, sidhani kama lipo linaloishinda marikiti kuu ya Kariakoo kwa wingi wa nyayo. Mnunuzi wa mchele humjua muuza mchele, na muuza mchele humjua mchukuzi wake. Ama yule aliyekaa mezani na penseli akaamua mwanga upenye wapi na maji ya mvua yateremkie wapi, huyo jina lake halitajwi ila na wachache. Aliitwa Beda Jonathan Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki dunia mwaka 2016, na ofisi yake ilikuwa ndogo, ofisi ya mtu binafsi, katika zama ambazo mambo ya mtu binafsi hayakuwa na soko kubwa.

Mahali penyewe pana historia yake kabla ya Amuli kuzaliwa. Wajerumani, walipokwisha kuifikisha reli Kigoma mwaka 1914, waliazimia kufanya maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na kwa ajili ya shughuli hizo wakasimamisha banda kubwa. Lakini Agosti ilipofika ikaja na vita badala ya sherehe. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, waliwaweka pale wapagazi wa jeshi lao, watu wa Carrier Corps, ambao walibebeshwa risasi na posho porini mpaka makumi ya maelfu yao wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Na kwa jina la kikosi kile, likiisha kulainishwa na ndimi za wenyeji, mtaa ukaitwa Kariakoo, kama ilivyokuwa na Nairobi. Vita vilipokwisha, banda likageuzwa soko mnamo mwaka 1923.

Mtaa uliolizunguka soko hilo ulipimwa kwa njia zilizonyooka, ukatengwa uwe makao ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati yake na mitaa ya Wahindi na Wazungu, kwa sababu ambazo serikali za kikoloni zilizieleza kuwa ni za afya, na ambazo wenyeji walizifahamu vizuri zaidi ya hivyo. Ilhali ndani ya mtaa huo uliotengwa yalistawi maisha ambayo hapana mpimaji aliyeyapangia: nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma, ambamo mwenye nyumba na wapangaji wake walipika jiko kwa jiko, vilabu vya mpira, ambavyo hata leo vinaugawanya mji nusu kwa nusu, na hatimaye TANU, iliyozaliwa hapo Julai 7, 1954.

Amuli alikwenda kusoma kwanza Kumasi, nchini Ghana, mji ambao soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya Afrika Magharibi, kisha akaingia chuo cha Technion mjini Haifa, Israeli. Alifanya kazi kwanza na kampuni ya Kiisraeli ya Zevet, ndiyo iliyoisanifu hoteli ya Kilimanjaro iliyo mbele ya bandari, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki kumilikiwa na kuongozwa na msanifu Mwafrika.

Wakati aliouchagua haukuwa wa raha. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kupita miaka miwili nyuma, na Aprili 1971 serikali ikatwaa majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, hatua iliyowafurahisha wapangaji wengi, lakini iliyowaondolea wasanifu wa mji wateja waliokuwa wakiwalisha, kwani nani atajenga ghorofa ya kupangisha akijua kwamba itachukuliwa? Mteja aliyebaki mwenye fedha alikuwa mmoja tu, nayo ni serikali. Sioni haya kusema kwamba katika dhiki hiyo mlikuwa na baraka. Maana ofisi ile, ambayo pengine ingalipoteza umri wake kwa kuchora maduka ya matajiri, ilipewa kazi ya kuwajengea wachuuzi wa mtaa wa Waafrika jengo la adhama ambalo utawala wa kikoloni haukupata kuwafikiria kuwa wanalistahili.

Ujenzi ulianza mwaka 1971, na jengo likafunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, Bunge likiwa limekwisha kulitungia sheria mwaka 1974 ya kuliundia shirika lake. Mwenye kulitazama kwa mara ya kwanza huvutwa na paa, na ni haki yake avutwe nalo. Ni safu za magamba membamba ya zege, kila gamba likisimama juu ya nguzo moja na kufunguka kuelekea mbinguni mithili ya mwavuli uliopinduliwa na upepo, mbinu ambayo mhandisi Félix Candela aliipatia sifa kule Mexico katika miaka ya 1950. Lakini lililokuwa la Mexico, Amuli alilipatia kazi ya Kariakoo. Mvua ya masika ikinyesha, maji hukusanyika katikati ya kila mwavuli, yakashuka ndani ya nguzo mpaka kwenye hodhi lililo chini ya ardhi. Kwa kuwa miavuli haikuwekwa yote kimo kimoja, mwanga hupita kati yake na joto la watu hupata pa kutokea, hata jengo likapumua pasipo mashine. Chini, mahali ambapo wenyewe hupaita Shimoni, palitengwa kwa mauzo ya jumla. Usawa wa barabara ni wa rejareja. Na juu yake yamo maduka na ofisi.

Nguzo zenyewe zimesimama mbalimbali, na mchuuzi aliyezoea kupanga mafungu ya nyanya chini ya mwembe hakulazimishwa kujifungia chumbani ili aitwe mwenye duka. Huo ndio uhusiano wa ofisi ile na jamii yake kama ninavyouona mimi: ilichora kwa kuifuata desturi ya biashara iliyokuwapo, wala haikutaka kuwarekebisha wauzaji wapate kulingana na ramani.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka kuliko zege. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, soko lilifurika likamwagikia mitaani, nyumba za Kiswahili zikavunjwa moja baada ya moja, na maghorofa yakasimama mahali pa baraza. Filamu ya mwaka 2007 iitwayo Many Words for Modern ilimweka Amuli mbele ya kamera pamoja na msanifu mwenziwe Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam. Walioiona zaidi, nachelea, ni wageni. Kisha usiku wa Julai 10, 2021, moto ukalitafuna soko. Katika mradi wa shilingi zipatazo bilioni 28 uliofuata, serikali ilichagua kulikarabati jengo la Amuli na kujenga jipya ubavuni mwake, na uamuzi wa kutolibomoa nauhesabu kuwa wa busara.

Jengo limehifadhiwa, karatasi je? Ofisi ndogo hazina maktaba, na mwenyewe akiisha kufa, ramani zake huingia mikononi mwa warithi wasiojua thamani yake. Basi msomaji, kama nyumbani kwako yamo mabunda ya michoro ya majengo ya miaka ya 1960 na 1970, usiyatoe yakafungie maandazi. Yapeleke Chuo Kikuu Ardhi au Idara ya Nyaraka za Taifa, wakayasome wanafunzi.