Maktaba ya Jiji ni Miundombinu ya Msingi: Hoja kutoka Dilala

Kifungu cha 242 cha Sheria ya Madini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama kilivyorekebishwa na Sheria Na. 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, kinaugawa mrabaha wa madini katika mafungu manne. Serikali kuu hupata asilimia 50, jimbo asilimia 25, Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo asilimia 10, na asilimia 15 huenda kwa mamlaka ya chini ambamo mgodi umo, iwe komini, sekta au uchifu. Fungu hilo la asilimia 15 limefungwa kwa sharti: litumike kujenga miundombinu ya msingi yenye manufaa kwa jamii, na si kingine. Komini ya Dilala, mojawapo ya komini mbili za jiji la Kolwezi pamoja na Manika, ni miongoni mwa mamlaka zinazoguswa na kifungu hicho. Swali ninalolijadili hapa linatokana na sharti lenyewe. Je, maktaba ya jiji ni miundombinu ya msingi? Nadai kwamba ndiyo, na kwamba katika mji wa shaba na kobalti hoja yake ina nguvu kuliko ilivyo katika miji mingi.

Uzito wa swali unaonekana mtu akitazama viwango. Shaba hutozwa mrabaha wa asilimia 3.5. Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati kwa amri ya waziri mkuu ya Novemba 2018, na tangu hapo hutozwa asilimia 10. Komini iliyozoea kungoja mgawo kutoka Kinshasa, na mara nyingi kutoupata, sasa ina fungu linalolipwa kwake moja kwa moja. Fedha za aina hiyo huzaa mabishano, na mabishano hayo ni afya ya mji. Hoja ya maktaba inapowekwa mezani, jibu la wanaoipinga ni fupi: maji kwanza, umeme kwanza, vitabu baadaye.

Jibu hilo lina haki yake na halifai kupuuzwa. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme wenye urefu wa takriban kilomita 1,700 kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi. Ulikatiza nchi nzima, ukipita juu ya vijiji ambavyo havikupewa hata balbu moja, ili uje kulisha mitambo ya shaba. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, familia zinazoishi karibu na kituo ambako mstari huo unaishia bado hukaa gizani jioni nyingi. Mama anayeamka alfajiri kutafuta maji ana sababu ya kuuliza kwa nini komini inunue rafu za vitabu. Mtu anayetetea maktaba bila kumjibu mama huyo hajaanza kutetea chochote.

Naona jibu lake liko ndani ya swali lake. Maji, moshi, vumbi, nyufa za nyumba na fidia ya shamba ni mambo ambayo katika jimbo letu la Lualaba yamekwisha kuandikwa. Yamo katika tathmini za athari kwa mazingira, katika mipango ya kuhamisha watu, katika mikataba kati ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na wabia wake, na katika ile cahier des charges ambayo kila kampuni, kwa sheria ya 2018, hutia saini pamoja na jamii iliyo jirani na mgodi, ikiahidi visima, madarasa, zahanati na barabara pamoja na tarehe za kuvikamilisha. Amri Na. 011/26 ya Mei 2011 inalazimisha kila mkataba wa maliasili utangazwe ndani ya siku 60. Kwa hiyo karatasi zipo na haki ya kuzisoma ipo. Mahali pa kuzisomea hapapo: meza, taa, mtu wa kuonyesha ukurasa unaohusika, na jirani wa kufafanua neno gumu la Kifaransa cha wanasheria. Mama wa maji ana kisima chake katika kurasa hizo. Kama kisima hakikuchimbwa, ukurasa huo ndio ushahidi wake wa kwanza.

Mfano hauko mbali. Mgodi wa COMMUS, wa kampuni ya Kichina Zijin pamoja na Gécamines, umepanuka hadi ndani ya makazi ya Kolwezi, na wakazi wa mtaa wa Cité Gécamines wamekuwa wakiambiwa wahame. Septemba 2023 shirika la Amnesty International, pamoja na shirika la Kikongo IBGDH, lilitoa ripoti ndefu kuhusu watu waliohamishwa kwa nguvu kwa ajili ya migodi ya eneo hili. Katika mtaa wa Kasulo nako, baada ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, watu walichimba ndani ya vyumba vyao na nyuani mwao, kisha mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na familia zikaondolewa. Mtu anayeletewa karatasi ya fidia ili atie saini angepaswa kujua kwanza majirani zake walilipwa kwa kanuni gani, sheria inasema nini kuhusu nyumba na mashamba, na nani mwingine alikataa. Ripoti zinazosimulia maisha yake huzinduliwa Kinshasa, London au Brussels. Anayehitaji kuzisoma kuliko wote ndiye anayezipata wa mwisho, kama anazipata kabisa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya watetezi wenzangu wa maktaba. Wao huitetea kama ishara ya ustaarabu, pambo la makao makuu ya jimbo. Kolwezi ilipofanywa makao makuu ya Lualaba mwaka 2015 ilirithi hamu ya majengo ya fahari, na si vigumu kuona maktaba ikichorwa kwenye ramani hiyo yenye vioo na bustani mbele. Maktaba ninayoitetea ina kazi ya kwanza nyingine kabisa: kuwa mahali ambapo mkazi wa Dilala anaweza kusoma yale yaliyokubaliwa juu ya ardhi anayoishi. Riwaya na vitabu vya shule vina nafasi yao, na nafasi kubwa. Lakini chumba cha karatasi za mgodi kisipokuwepo, sioni hoja ya kuilipia maktaba kwa mrabaha wa mgodi.

Kazi ya pili ni kumbukumbu, na hapa hasara ya mji huu inaumiza. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, na tangu mwanzo imeandikwa sana, ila vilivyoandikwa vimehama. Padri Placide Tempels, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa kwa Kifaransa huko Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1945, alihudumu baadaye hapa Ruwe, kando ya mgodi, na hapo ndipo katika miaka ya 1950 ilipozaliwa Jamaa, harakati ya waumini iliyoenea katika kambi za wafanyakazi na ambayo lugha yake ilikuwa Kiswahili. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuja kuichunguza katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1971. Huyo huyo Fabian, akiwa na Kalundi Mango, ndiye aliyechapisha huko Amsterdam, mwaka 1990, historia ya Élisabethville ambayo André Yav aliiandika mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Michoro zaidi ya mia moja ya Tshibumba Kanda Matulu, inayosimulia historia ya nchi kama watu wa Shaba, jina la Katanga wakati huo, walivyoiona, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho Amsterdam. Namshukuru Fabian. Bila yeye huenda sehemu ya hazina hii ingepotea. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi anayetaka kujua babu yake alifikiri nini juu ya kazi, Mungu na Mzungu, lazima apite Uholanzi.

Kampuni yenyewe iliwahi kusomesha. Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha gazeti Mwana Shaba, ambalo Gécamines iliendelea nalo, na watoto wa kambi walikuwa na Mwana Shaba Junior lenye hadithi za picha. Shule, hospitali na vituo vya kijamii vya Musonoi, Luilu na Kapata vilikuwa vya kampuni pia. Wazee wanaoukumbuka wakati huo kwa hamu hawakosei kuhusu ubora wa shule. Wanachokisahau wakati mwingine ni kwamba huduma zote zilitegemea kadi ya kazi ya baba. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, na uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliofikia tani zipatazo 476,000 mwaka 1986, ulipoanguka hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, huduma zilianguka pamoja nao. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Kilichokuwa mali ya mwajiri kiliondoka na mwajiri. Hii ni sababu nyingine ya kutaka maktaba iwe ya komini na jiji, isiwe zawadi ya kampuni ya uchimbaji ya KCC (Kamoto Copper Company) wala ya kampuni nyingine yoyote, hata ikitolewa kwa moyo safi. Rafu inayogharimiwa na kampuni haitakuwa huru kuweka ripoti inayoilaumu kampuni hiyo. Isitoshe, yapo mambo ambayo hakuna mwajiri atakayetaka kuyahifadhi: vita vya Mei 1978 hapa Kolwezi, au mwaka 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa na maelfu wakarundikana kwenye stesheni za reli wakingoja treni. Waliozaliwa baada ya hapo wanaishi katika nyumba zenye historia ambayo hawajawahi kuisoma.

Wenzetu wa mashariki wamepitia mabishano haya. Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, ikiwa nchi changa na maskini, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam Desemba 1967, miezi kumi baada ya Azimio la Arusha. Vijiji vingi havikuwa na maji ya bomba wakati huo. Hoja ya maji kwanza ilikuwa na nguvu ileile, na haikuonekana kuwa inazuia hoja ya vitabu. Nairobi inafundisha jambo jingine. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Jengo lake la nguzo za mawe limesimama katikati ya jiji likichakaa kwa miongo. Tangu 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kupitia shirika lao Book Bunk, wamekuwa wakilifufua pamoja na matawi mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Ninachokipenda katika kazi yao ni kwamba matawi ya mitaa ya kawaida yalishughulikiwa kabla ya jengo kubwa, na kwamba wakazi waliulizwa wanataka nini kabla ya ukarabati.

Wapo watakaosema intaneti imemaliza yote haya. Ni kweli kwamba mikataba mingi iko mtandaoni, na hata maandishi ya Yav yanapatikana humo. Lakini kusoma mkataba wa kurasa 200 kwenye simu ndogo, kwa kifurushi kinachokwisha katikati ya kifungu, ni haki ya jina tu. Maktaba yenye kompyuta chache, umeme wa jua na printa ndiyo inayoifanya intaneti hiyo kuwa ya watu wa Kapata pia.

Kizuizi kikubwa zaidi kimo ndani ya sheria ninayoitegemea, na kinazungumzwa kidogo mno. Asilimia 15 ni za miundombinu. Zinaweza kusimamisha kuta, hazilipi mshahara wa mkutubi. Kongo ina majengo mengi yaliyozinduliwa kwa utepe na kufungwa kwa kufuli mwaka uliofuata, kwa sababu hiyo hasa. Kwa hiyo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, Dilala na Manika zinapaswa kukubaliana na jiji juu ya kasma ya kudumu ya mishahara katika bajeti ya kawaida. Vitabu na vifaa vinaweza kuombwa kwenye ule mchango wa asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka ya kampuni, ambao sheria imeutenga kwa miradi ya maendeleo ya jamii na ambao wawakilishi wa jamii wana kiti katika kuuendesha. Ni vema pia kukumbuka kilichotokea Februari 2025, serikali ilipositisha usafirishaji wa kobalti nje kwa sababu ya bei kuanguka, ikaongeza muda, kisha Oktoba ikaweka viwango vya kuuza. Mrabaha hupanda na kushuka kwa maamuzi na masoko yaliyo mbali na Kolwezi. Mshahara wa mkutubi usiwekwe huko.

Kuhusu jengo lenyewe, ningetaka liwe dogo na lisiwe peke yake: chumba kimoja kikuu karibu na soko, ambako watu hupita hata bila kukusudia kusoma, na vyumba vidogo katika mitaa ya zamani ya wafanyakazi. Lifunguliwe hadi saa tatu usiku, kwa sababu wanaotoka zamu na wanafunzi wasio na taa nyumbani huhitaji saa hizo. Mikataba na cahiers des charges ziwekwe kwa Kifaransa chake cha asili, pamoja na muhtasari wa Kiswahili ulioandikwa na watu wa sheria na kuhakikiwa hadharani, kwa sababu tafsiri mbaya ya kifungu cha fidia ni hatari kuliko kukosa tafsiri. Mkutubi mmoja angalau apewe kazi ya kurekodi wazee wa Ruwe, Musonoi na Luilu wakingali hai. Na katika kila cahier des charges itakayojadiliwa upya, jamii idai kipengele kimoja kisichogharimu kampuni karibu chochote: nakala kamili ya kila waraka unaohusu makazi, maji na ardhi ipelekwe katika maktaba hiyo siku ileile inapopelekwa wizarani.